Niizime udisks2 kwenye kompyuta ya dukani?

Suali: Assalamu alaykum. Nina duka la steshenari hapa Chake Chake: kuchapa, fotokopi, kuskani na kuwakopia watu faili kwenye flashi. Niliihama Windows kwa sababu ya virusi vya flashi za wateja, sasa natumia Ubuntu 22.04 kwenye kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 4. Shida yangu ya kwanza: mteja nampa faili zake, akifika nyumbani anakuta jina lipo lakini faili haifunguki. Ya pili: flashi nyengine zinajifungua zenyewe nikichomeka tu, nyengine hazionekani kabisa, nyengine zinakataa kuandikwa. Kijana mmoja aliniangalizia akasema kuna huduma inafanya kazi chinichini, inaitwa udisks2, ndiyo inayojifanyia mambo bila ya kuulizwa na ndiyo inayoipa kompyuta uzito, basi niizime. Nimeogopa kuigusa kabla ya kuuliza. Ni kitu gani, na nikiizima nitapata hasara gani?

Jibu: Waalaykumu salaam, kaka yangu. Usiizime. Katika yote uliyoyataja udisks2 haina kosa, na kosa moja linaloihusu wewe hukulitaja, labda kwa sababu bado halijakupata, nitalifikia. Ukiizima, utakuwa umemfukuza mtu pekee pale dukani anayeweza kukwambia kwa uhakika kwamba flashi ya mteja sasa inachomoleka.

Chomeka flashi moja, kisha tuifuate safari yake. Wa kwanza kuijua ni keneli, yaani kiini cha Linux chenyewe. Inaona kuna kifaa kwenye tundu la USB, inakihoji, inakipa jina kama `sdb`, na sehemu iliyomo ndani yake inaiita `sdb1`. Kisha keneli inapiga mbiu. Anayeisikia mbiu ni udev, mtambuzi wa vifaa wa Linux: anasoma baiti za mwanzo za flashi ajue imefomatiwa kwa FAT32, exFAT au NTFS, ina lebo gani, na nambari yake ya utambulisho ni ipi. Hapo ndipo udisks2 inapoingia. Inayachukua maelezo hayo, inayaandika kwenye daftari lake, na inayatangaza kwenye D-Bus, ambayo unaweza kuifikiria kama baraza la programu zote za ndani ya kompyuta: jambo likitokea linasemwa pale barazani, na mwenye haja nalo analisikia.

Baada ya kutangaza, udisks2 inanyamaza. Hili ndilo kijana wako alilolikosa. udisks2 haipachiki flashi kwa hiari yake, yaani haiiungi na mfumo ili faili zake zifikike, inangoja kuombwa. Anayeomba ni desktopu yako ya GNOME, kupitia msaidizi wake anayeitwa gvfs: anasikia barazani kwamba flashi imeingia, na kwa kuwa mipangilio yake inasema flashi zote zipachikwe na zifunguliwe dirisha, anaiomba udisks2 ifanye hivyo. Na udisks2 haikubali hivi hivi. Inamgeukia kwanza mlinzi mwengine, polkit: huyu anayeomba ana ruhusa? Polkit akiona muombaji amekaa mbele ya kompyuta yenyewe na ameshaingia kwa jina lake, kwa flashi husema ndiyo bila ya nywila. Akiona anaomba kutoka mbali, au anataka kupachika diski ya ndani ya kompyuta, humtaka nywila ya msimamizi. Basi ikiwa siku moja umebonyeza sehemu ya Windows ya zamani iliyobaki kwenye diski yako ukaombwa nywila, wakati flashi haziombi, sababu ni hiyo.

Baada ya ruhusa, udisks2 yenye mamlaka ya mfumo inaipachika flashi ndani ya `/media/jinalako/` kwa jina la lebo yake. Inatia na masharti mawili ya usalama kila mara, `nosuid` na `nodev`, ili mtu asije na flashi iliyotegwa akajipa mamlaka ya msimamizi kwenye mashine yako. Na kwa kuwa FAT haijui habari ya nani mwenye faili, inakuandika wewe kuwa mwenyewe. Ungelipachika kwa mkono kwa `sudo mount`, faili zote zingesomeka kuwa ni za root, yaani msimamizi wa mfumo, na ungelikuwa unapigana na ruhusa kutwa.

Kwa historia fupi tu: kazi hii zamani ilikuwa ya mradi mkubwa ulioitwa HAL, uliojaribu kujua kila kifaa, ukawa mzito. Ukavunjwa vipande, na kipande cha diski kikawa DeviceKit-disks, kisha udisks, kisha kuanzia 2012 udisks2. Muandishi wake wa mwanzo ni David Zeuthen, aliyekuwa Red Hat.

Uzito? Andika `systemctl status udisks2` uone mwenyewe kumbukumbu inayotumia. Wakati mwingi imelala. Kazi yake ya mara kwa mara ni kuziuliza diski zako hali ya afya yake kila baada ya dakika 10. Kwenye kompyuta ya GB 4, anayekula ni kivinjari chenye kurasa ishirini zilizoachwa wazi tangu asubuhi.

Na hata ukitaka kuizima, `systemctl stop` haitoshi: programu yoyote ikiiita barazani, inaamka tena. Mpaka uifunge kwa `mask`. Ukifanya hivyo, flashi zitaacha kuonekana kwenye programu ya faili, kitufe cha kutoa kitakosekana, na kila mteja akija utaandika amri za root kwa mkono. Steshenari ya namna hiyo haiendeki.

Sasa tuje kwenye faili zisizofunguka, kwa sababu hapa ndipo pesa na heshima yako zinapopotea.

Unapokopi faili kwenda kwenye flashi, keneli haiandiki kwenye flashi moja kwa moja. Flashi ni kitu cha polepole mno ukilinganisha na RAM. Kwa hivyo inaipokea faili ndani ya RAM kwanza, inakwambia "nimeshapokea", kisha inaipeleka kidogo kidogo. Mfano wake ni bandarini: wewe umeleta magunia mpaka gatini, karani amekuandikia kwamba yamefika, nawe umeondoka. Lakini hamali ndio kwanza anayapandisha jahazini, moja moja. Ukimwambia nahodha ang'oe nanga wakati huo, karatasi ya karani inasema magunia kumi, na jahazini yamo matatu.

Mstari wa maendeleo unaouona kwenye skrini ni karatasi ya karani. Unahesabu kilichofika gatini.

Tuhesabu kwa kompyuta yako. Kwa mipangilio ya kawaida, keneli huruhusu takriban asilimia 20 ya kumbukumbu iliyo huru kuwa ni data inayongoja kuandikwa, na data inaweza kukaa sekunde 30 kabla haijahesabiwa kuwa imechelewa. Tuseme kati ya GB 4 zako una GB 3 huru: asilimia 20 yake ni kama MB 600. Flashi ya bei ndogo ikiandika MB 5 kwa sekunde, MB 600 zinataka dakika mbili. Kwa hivyo mstari unaweza kufika mwisho, mteja akalipa, akachomoa, hali mzigo wa dakika mbili bado uko gatini. Kwa nini basi jina linakuwepo? Kwenye FAT, jina la faili linaandikwa mahali pake, jadweli la kuonyesha vipande viko wapi mahali pake, na vipande vyenyewe mahali pake. Jina likiwahi kufika na vipande visiwahi, mteja anapata unachokiona: jina zuri, faili haifunguki.

Nimekuona unauliza kwa huzuni, nami nikwambie yaliyonikuta ili usijione peke yako. Nilikuwa nakwenda Wete na video za harusi ya mtoto wa shangazi yangu, GB 11, kwenye diski ya nje. Nimekopi asubuhi ileile, mstari umefika mwisho, boti inaondoka, nikachomoa nikaikimbilia bandarini Malindi, Unguja. Usiku wake watu wamejaa sebuleni, televisheni imewashwa, wanawake wameshaanza vigelegele kabla ya picha. Vipande vitano vya mwanzo vikafunguka. Cha sita, kile ambacho biharusi anatolewa, hakikufunguka. Diski ilikuwa ya exFAT, laptopu yangu ya GB 8, na mimi ni fundi wa kompyuta. Shangazi mpaka leo akiniona na flashi huuliza kama ndani mna kitu.

Nimeitaja exFAT makusudi. Kwa FAT32, udisks2 hupachika kwa chaguo linaloitwa `flush`, linaloisukuma keneli iandike mapema zaidi, kwa hivyo hatari inapungua kidogo. Kwa exFAT na NTFS chaguo hilo halipo. Windows nayo, tangu toleo 1809 la Windows 10, huziweka flashi kwenye hali ya kuchomolewa haraka, na hii ndiyo iliyowazoesha wateja wetu kuchomoa tu kama wanachomoa chaja ya simu. Tabia hiyo wanakuja nayo kwako.

Dawa ya kwanza ni kitufe cha kutoa, kile kimshale kilicho pembeni ya jina la flashi kwenye programu ya faili. Ukikibonyeza, gvfs anaiomba udisks2 ipachue. Udisks2 haijibu mpaka keneli imalize kupandisha magunia yote. Ndiyo maana mara nyengine utaona ujumbe kwamba data bado inaandikwa, usichomoe, na unakaa dakika nzima. Kompyuta haijakwama, hamali yuko kazini. Ukija ujumbe wa pili kwamba sasa unaweza kuchomoa, chomoa.

Ukipenda teminali, na mimi kwa kweli dukani naipendelea kwa sababu inanipa jibu moja lisilo na utata, ni mistari miwili:

`udisksctl unmount -b /dev/sdb1`
`udisksctl power-off -b /dev/sdb`

Wa kwanza unaipachua sehemu, wa pili unakizima kifaa chenyewe, na flashi nyingi taa yake huzimika. Angalia vizuri: wa kwanza una nambari mwishoni, wa pili hauna. Hakuna haja ya `sudo`, polkit anakujua. Baada ya mstari wa pili, kama umesahau kitu, itabidi uchomoe na uchomeke upya. Na kama unatumia kisoma kadi chenye matundu kadhaa, kuzima huku kunaweza kukizima chote, basi hakikisha hakuna kadi ya mwengine imo.

Ukiambiwa flashi ina shughuli na haipachuliki, usiilazimishe. Kuna programu imeshikilia faili. Andika `fuser -vm /media/jinalako/LEBO` uone ni nani. Aghalabu ni LibreOffice yenye CV ya mteja iliyofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Hapa nina msimamo mkali: kwenye duka, usifungue wala usihariri kitu juu ya flashi ya mtu. Kopi kwenye folda ya kazi ya siku, fanyia huko, chapa kutoka huko, kisha rudisha. Na jioni folda ile ifutwe yote, maana mna vivuli vya vitambulisho vya watu, vyeti vya kuzaliwa na matokeo ya skuli ya watoto.

Dawa ya pili ni kulifanya gati liwe dogo. Tengeneza faili `/etc/sysctl.d/60-flashi.conf`, na ndani yake mistari hii miwili:

`vm.dirty_bytes = 50331648`
`vm.dirty_background_bytes = 16777216`

Kisha `sudo sysctl --system`. Sasa umemwambia karani asipokee zaidi ya MB 48 kabla ya hamali kupandisha, na hamali aanze kazi zikishafika MB 16. Mstari wa maendeleo utakwenda pole, lakini utasema kweli: ukifika mwisho, kilichobaki ni kama sekunde 10 kwa flashi ileile ya MB 5. Kompyuta zote za duka ninazozitengeneza naziwekea hivi. Hasara yake ni ndogo, kukopi ndani ya diski ya ndani kunaweza kupungua kasi kidogo, na kwa kazi ya steshenari hutaihisi. Hii haikuondolei wajibu wa kubonyeza kitufe, inakupunguzia balaa siku mtu atakapochomoa mwenyewe, au umeme utakapokatika. Umeme ukikatika na huna UPS, kilichoko gatini kinapotea vilevile, na sisi wa Unguja tuliokaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 habari hiyo hatuhitaji kufundishwa.

Utamsikia mtu akikushauri upachike flashi zote kwa chaguo la `sync`, kila baiti iandikwe papo hapo. Usimsikilize. Kwenye FAT, jadweli lile nililokutajia litaandikwa na kuandikwa tena kwa kila kipande, pahala palepale. Flashi itakuwa ya polepole kupita kiasi, na chipu yake itachakaa kabla ya siku zake.

Kuhusu flashi zisizoonekana. Usianze kwa udisks2, anza kwa `lsblk -f`. Amri hii inakuonyesha keneli na udev wanajua nini. Ikiwa flashi haimo kabisa kwenye orodha, tatizo liko kabla ya udisks2: tundu la mbele la kompyuta lililolegea, habu ya USB isiyo na umeme wa kutosha, au flashi yenyewe imekufa. Jaribu tundu la nyuma, lililounganishwa moja kwa moja na ubao mkuu. Kwa kompyuta kuukuu hilo peke yake humaliza nusu ya kesi. Ikiwa imo kwenye orodha lakini safu ya aina ya mfumo wa faili iko tupu, flashi ipo lakini mpangilio wake umeharibika, na udisks2 haina cha kupachika. Hapo usikubali kidirisha chochote kinachokwambia uifomati kabla ya kumuuliza mwenyewe mna nini ndani.

Ukitaka kuona mambo yakitokea, fungua teminali, andika `udisksctl monitor`, kisha chomeka na uchomoe flashi nzima na mbovu kwa zamu. Utaona yale matangazo ya barazani yakipita mbele ya macho yako. Dakika tano za kutazama hivyo zitakufunza zaidi kuliko maneno yangu.

Zinazokataa kuandikwa zina sababu zaidi ya moja. Kadi za kamera zina kiswichi kidogo ubavuni, kikishuka kadi imefungwa; wapiga picha wa harusi wanakuja nazo hivyo na hawajui. Flashi ya FAT iliyochomolewa vibaya mara nyingi huwa na makosa ndani, na hupachikwa kwa sharti kwamba keneli ikikutana na kosa iigeuze iwe ya kusoma tu, ili isiharibike zaidi. Ukiona hivyo katikati ya kazi, kopi kwanza kila kilichomo, ipachue, kisha:

`sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1`

Vipande visivyo na mwenyewe utavikuta kwenye faili zenye majina kama `FSCK0000.REC`. Diski za nje za NTFS nazo zina kisa chao. Windows yenye uwashaji wa haraka (Fast Startup) haizimiki kikweli, inalala, na diski iliyokuwa imechomekwa wakati huo inabaki na alama kwamba kazi haijakwisha. Linux ikiiona alama ile inakataa kuiandika, na ni haki yake. Mrudishe mteja kwenye kompyuta yake, aiwashe, aitoe diski kwa utaratibu, kisha aje. Na kuna flashi ambazo chipu zake zimefika mwisho wa umri, zinajifunga zenyewe zisiandikwe tena. Hizo hazina dawa, mwambie akanunue nyengine.

Faili ikizidi GB 4, FAT32 haiipokei hata kama flashi ina nafasi ya GB 60. Huo ni mpaka wa FAT32 wenyewe. Fomati kwa exFAT, ila muulize mwenyewe kwanza anakwenda kuitumia wapi: redio nyingi za gari hazisomi exFAT, na mtu aliyetaka kaswida za kusikiliza njiani atarudi kukulalamikia.

Jengine linalofanana na kujaa: ukifuta faili za mteja kwa kitufe cha Delete cha kawaida, hazitoki kwenye flashi. Desktopu inazihamishia kwenye folda iliyofichwa ndani ya flashi hiyohiyo, `.Trash-1000`. Mteja anaona flashi tupu lakini haina nafasi. Tumia Shift na Delete kwa pamoja.

Kuhusu kujifungua zenyewe, umeshajua sasa kwamba muombaji ni GNOME. Basi mkataze yeye, uiache udisks2 na kazi yake:

`gsettings set org.gnome.desktop.media-handling automount false`
`gsettings set org.gnome.desktop.media-handling automount-open false`
`gsettings set org.gnome.desktop.media-handling autorun-never true`

Baada ya hapo flashi itaonekana pembeni ya programu ya faili, imetulia, na haitapachikwa mpaka uibonyeze. Kwa duka la kupokea flashi za watu wasiojulikana naliona hili ni jambo la adabu: mgeni abishe hodi, akaribishwe.

Ukitaka kwenda hatua moja zaidi, udisks2 ya Ubuntu 22.04 inasoma faili `/etc/udisks2/mount_options.conf`. Kama haipo, itengeneze, andika `[defaults]` kwenye mstari wa kwanza na `defaults=noexec` kwenye wa pili. Programu zilizoko kwenye flashi hazitaweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka humo. Usidhani hiyo ndiyo kinga ya virusi vya wateja, lakini. Virusi vingi unavyokutana navyo ni vya Windows, havikuumizi wewe. Hatari yako ni kuwa mbebaji: ukikopi folda nzima kutoka flashi yenye virusi kwenda nyengine, umevisafirisha bila ya nauli. Kopi faili zilizohitajiwa tu, PDF na picha na hati, uache chochote chenye mwisho wa `.exe`, `.vbs` au `.lnk`.

Kwa hapo Linux inakupa biashara ambayo pengine hujaitumia. Mteja anayekuja analia kwamba faili zake zote zimegeuka vishale vya njia ya mkato, faili zake aghalabu zipo. Kirusi kimezitia alama ya kufichwa na kikaweka vishale bandia mbele. Linux haiijali alama hiyo ya FAT, inaficha tu vyenye nukta mwanzoni mwa jina, kwa hivyo kwako utaziona zote. Mara nyengine zimesukumwa ndani ya folda ambayo jina lake ni nafasi tupu, tazama kwa makini. Kopi faili halisi, futa vishale na kile kirusi, rudisha. Kazi ya dakika tano, na hiyo mtoze pesa.

Sasa lile kosa nililokuahidi. Flashi za kampuni moja zinatoka kiwandani na lebo ileile. Wateja wawili wakiwa mbele yako, flashi zote mbili zinaitwa `KINGSTON`. udisks2 haiwezi kupachika mbili mahali pamoja, kwa hivyo ya pili inaipa `KINGSTON1`. Tena "ya pili" ni ile iliyopachikwa baadaye, si lazima iwe ya mteja aliyekuja baadaye. Ukizichomoa na kuzirudisha, majina yanaweza kubadilishana. Hivi ndivyo cheti cha mtu mmoja kinavyokwenda kwenye flashi ya mwengine, na kwenye mji mdogo kama Chake Chake habari hiyo itafika sokoni kabla yako.

`lsblk -o NAME,LABEL,SIZE,UUID,MOUNTPOINT` itakuonyesha ipi ni ipi kwa nambari ya utambulisho, lakini mteja akiwa amesimama na haraka zake, hutasoma nambari. Mimi kwenye kaunta nimeweka kijisanduku cha tende kilichokwisha. Flashi moja tu huwa kwenye kompyuta. Nyengine zote, kila moja na karatasi yake yenye jina la mwenyewe, zinangoja mle ndani mpaka iliyomo ipachuliwe, taa izimike, na mwenyewe aipokee mkononi.